Daftari la Mwana wa Mfalme: Rwagasore na wafanyabiashara wa Usumbura

NGAGARA, BUJUMBURA – Mfanyabiashara anayevuka mpaka kati ya Burundi na Tanzania anajua kwamba ikifika katikati ya Oktoba lazima ajipange mapema. Tarehe 13 ni sikukuu ya kitaifa Burundi. Kesho yake, tarehe 14, ni sikukuu ya kitaifa Tanzania. Kwa siku mbili mfululizo benki na ofisi nyingi hufungwa, kwanza upande huu, kisha upande ule. Mwenye lori la mzigo Kobero au marobota ya vitenge Manyovu huhesabu siku hizo kwa vidole.

Tarehe 14 wengi wetu tunaijua. Ni siku aliyofariki Mwalimu Julius Nyerere, mwaka 1999. Tarehe 13 ni ya Louis Rwagasore, mwana wa Mwami Mwambutsa IV, kiongozi wa harakati za uhuru wa Burundi, aliyepigwa risasi mwaka 1961 akiwa na umri wa miaka 29. Jina lake liko kwenye barabara kubwa katikati ya Bujumbura. Noti ya faranga 10,000 iliyotolewa mwaka 2004 ilikuwa na picha yake pamoja na ya Rais Melchior Ndadaye. Kwa hiyo hata asiyesoma historia amewahi kumshika mkononi.

Jambo ambalo halisemwi sana katika hotuba za Oktoba ni kwamba mtu huyu, kabla ya kuongoza chama, aliongoza ushirika. Na wanachama wa ushirika huo walikuwa watu kama wewe unayesoma ukurasa huu: wachuuzi na wenye maduka madogo, wengi wao wasemaji wa Kiswahili, waliokuwa wakihangaika na mtaji, bei ya jumla na kibali cha serikali.

Habari hiyo nilikuja nayo soko la Ngagara II, ambalo hapa kila mtu huliita Cotebu, kwa jina la kiwanda cha nguo kilichokuwa jirani. Baada ya soko kuu la Bujumbura kuteketea kwa moto tarehe 27 Januari 2013, wauzaji wengi walitawanyika kwenye masoko ya mitaa, na Cotebu likawa mojawapo ya masoko yaliyojaa. Ukitembea kati ya meza zake unasikia Kirundi na Kiswahili katika sentensi moja, na bei ikitajwa kwa faranga huku muuzaji akiibadilisha kichwani kuwa shilingi.

Mama mmoja muuza vitenge, ambaye njia yake ni ya Manyovu, alitaka kujua mwandishi wa habari za kanda anatafuta nini sokoni juu ya mwana wa mfalme. Nilipomweleza kwamba Rwagasore aliwahi kuanzisha ushirika wa wafanyabiashara, aliacha kukunja kitenge akauliza: “Na daftari lilishikwa na nani, mwanangu?”

Swali lake ndilo lililoandika makala haya.

Mji wa watu wa njia

Katika miaka ya 1950 Bujumbura iliitwa Usumbura. Ilikuwa makao makuu ya Ruanda-Urundi, nchi mbili ambazo Ubelgiji ilizitawala kwa pamoja chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa. Wazungu walikaa katikati ya mji na kwenye vilima. Waafrika walikaa Buyenzi na Bwiza, na kisha kwenye nyumba mpya zilizojengwa na ofisi ya serikali ya makazi ya Waafrika, OCAF. Nyumba hizo ndizo zilizozaa Ngagara, na mpaka leo wapo wazee wanaoiita Ngagara kwa jina hilo la OCAF. Mitaa yake bado inatajwa kwa namba, kama ilivyopangwa na wahandisi wa wakati ule.

Buyenzi ulikuwa mji ndani ya mji. Humo waliishi watu walioletwa na njia za biashara: kutoka Ujiji na Kigoma, kutoka Manyema na Uvira upande wa Kongo, pamoja na Warundi waliohamia mjini. Wengi wao walikuwa Waislamu. Lugha yao ilikuwa Kiswahili, na Warundi wa vilimani waliwaita wote kwa jina moja: Waswahili.

Riziki ya mji ilitegemea ziwa na reli. Reli ya kati kutoka Dar es Salaam ilifika Kigoma mwaka 1914. Mwaka 1921 Uingereza na Ubelgiji zilikubaliana kwamba Ubelgiji ipate maeneo yake ya bandari Dar es Salaam na Kigoma, ili mizigo ya Kongo na Ruanda-Urundi ipite bila kutozwa ushuru wa Tanganyika. Njia hiyo ndiyo ileile ambayo kanda yetu bado inaizungumzia katika mikutano ya leo.

Lakini njia kuwa wazi kwa mizigo haikuwa na maana kwamba ilikuwa wazi kwa kila mtu. Biashara ya jumla na ya kuagiza bidhaa ilikuwa mikononi mwa Wabelgiji, Wagiriki, Wahindi na Waarabu. Mwafrika alibaki mwisho wa mnyororo. Alinunua kwa bei aliyopangiwa na kuuza kidogo kidogo, na milango ya benki ilikuwa migumu kwake kuifungua.

Ushirika wa mwaka 1957

Rwagasore alizaliwa Gitega tarehe 10 Januari 1932. Alisoma Astrida, mji uliokuja kuitwa Butare, Rwanda, ambako Wabelgiji waliwaandaa vijana wa tabaka la juu kuwa machifu na makarani. Kisha alikwenda kusoma Antwerp, Ubelgiji. Aliporudi nyumbani angeweza kukaa kitako na kungoja cheo, kwa kuwa baba yake alikuwa amekalia kiti cha umwami tangu mwaka 1915.

Badala yake, mwaka 1957 alianzisha vyama vya ushirika. Mkubwa wao ulikuwa Ushirika wa Wafanyabiashara wa Burundi, uliojulikana kwa kifupisho chake cha Kifaransa, CCB. Wanachama wake wengi walikuwa wafanyabiashara Waswahili wa Usumbura. Wazo lake halikuwa gumu kueleweka. Duka moja dogo likinunua magunia mawili ya chumvi, mwenye ghala ndiye anayepanga bei. Maduka yote yakinunua pamoja, mwenye ghala analazimika kukaa chini na kujadiliana.

Kwa mwana wa mfalme kukaa na wachuuzi wa Buyenzi halikuwa jambo dogo. Katika mpangilio wa zamani wa Burundi, heshima ilitoka kwenye ng’ombe, ardhi na ukoo. Waswahili wa mjini hawakuwa na chochote kati ya hivyo. Walitazamwa kama wageni, hata wale waliozaliwa hapohapo. Rwagasore aliwaona kwa jicho jingine. Hawa walikuwa Waafrika waliozoea kuhesabu fedha zao wenyewe, waliosafiri, na waliojua yanayotokea Tanganyika na Kongo kabla hayajaandikwa popote.

Serikali ya kikoloni iliona hivyohivyo, na ndiyo maana iliingiwa na wasiwasi. Kundi la wafanyabiashara wenye umoja, wakiongozwa na mtoto wa Mwami, lilikuwa karibu sana na kuwa kundi la kisiasa.

Deni

Sasa turudi kwenye swali la mama wa Cotebu, maana jibu lake halipendezi.

Ushirika ulipata shida ya fedha mapema. Madeni yalipanda na hesabu zilikuwa na kasoro. Utawala wa Kibelgiji ulitaka udhibiti wa fedha zake, na uendeshaji mbaya ukawa sababu nzuri ya kuubana. Mradi ambao ungeweza kuinua biashara ya Mwafrika mjini ukadhoofika katika muda mfupi.

Ni rahisi kuwatupia Wabelgiji lawama zote, na ni rahisi vilevile kusema Waafrika walishindwa kutunza fedha. Majibu yote mawili yanaacha jambo moja nje. Tulitazame kwa kulinganisha na jirani.

Wakati huohuo Tanganyika ilikuwa na Paul Bomani, aliyewaunganisha wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa katika Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria mwaka 1955. Alikuja kuwa waziri wa fedha wa nchi hiyo. Uganda ilikuwa na Ignatius Musazi, aliyewaongoza wakulima katika shirikisho lao kabla ya kuanzisha chama cha Uganda National Congress mwaka 1952. Katika nchi zetu nyingi, siasa ya uhuru ilijifunza kutembea ndani ya ushirika.

Lakini Bomani na Musazi walisimama juu ya mazao. Kila msimu mkulima alileta pamba au kahawa yake, na ushirika ungeweza kukata sehemu ndogo kabla ya kumlipa. Mtaji uliingia wenyewe kila mavuno. Ushirika wa Usumbura ulikuwa wa wachuuzi, na mchuuzi hana shamba. Ili anunue bidhaa anahitaji fedha kabla hajauza. Fedha hizo kama hana, lazima akope. Na waliokuwa na uwezo wa kuukopesha ushirika wa Rwagasore, au wa kuruhusu ukopeshwe, walikuwa walewale waliouogopa.

Hapo ndipo pa kulitafutia jibu swali la daftari. Kushika kalamu ni kitu kimoja, na kushika mtaji ni kitu kingine. Ushirika ambao mtaji wake uko mkononi mwa mpinzani wake unaweza kufungwa siku yoyote, na ukiwa na daftari chafu unamrahisishia kazi.

Kutoka dukani hadi chamani

Ushirika ulidhoofika, ila watu wake hawakutawanyika. Walikuwa wamezoea kukutana, kuchangishana na kumsikiliza kijana huyu. Chama cha UPRONA, kilichoanza mwishoni mwa miaka ya 1950, kilipata mjini msingi uliokwisha kuchimbwa na wafanyabiashara.

Mwaka 1959 Rwagasore alifanywa chifu wa Butanyerera, kaskazini mwa nchi, mbali na Usumbura. Kama kulikuwa na matumaini kwamba ufalme mdogo wa vilimani ungemtuliza, hayakutimia. Aliendelea na chama. Aliwasiliana na Nyerere wa TANU na Patrice Lumumba wa Kongo, na kwa sababu hiyo wapinzani wake walimwita mkomunisti.

Kilichoitofautisha UPRONA ni watu iliowakusanya. Ndani yake walikuwamo Wahutu kama Paul Mirerekano na Pierre Ngendandumwe, Watutsi, watu wa ukoo wa kifalme, na Waswahili wa mjini. Jirani, nchini Rwanda, mapinduzi yaliyoanza Novemba 1959 yalikuwa yamekwisha kuwagawa watu kwa kabila na kuwafukuza maelfu kuvuka mpaka. Rwagasore aliiona hatari hiyo ikiwa mlangoni, naye akajenga chama ambacho mtu aliingia bila kuulizwa kabila.

Mpinzani wake mkubwa alikuwa chama cha PDC, kikiongozwa na Jean-Baptiste Ntidendereza na ndugu yake Joseph Biroli, wa tawi jingine la ukoo wa kifalme lililokuwa na uhasama wa muda mrefu na tawi la Mwami. Wabelgiji waliwapendelea wazi. Mwaka 1960 iliamuliwa kwamba ndugu wa karibu wa Mwami wasishiriki siasa, na katika uchaguzi wa mitaa wa Novemba mwaka huo Rwagasore alikuwa kizuizini. PDC ilishinda. Januari 1961 serikali ya mpito iliundwa chini ya Joseph Cimpaye, bila UPRONA kuwa na usukani.

Umoja wa Mataifa uliingilia kati. Uchaguzi wa bunge ulisogezwa mbele ukafanyika tarehe 18 Septemba 1961 chini ya macho ya wasimamizi wake, na Rwagasore akiwa huru kuzunguka nchi. UPRONA ilipata viti 58 kati ya 64.

Siku ishirini na tano

Kati ya ushindi huo na risasi zilipita siku 25 tu. Mwishoni mwa Septemba Rwagasore alishika uwaziri mkuu. Katika maneno yake baada ya kushinda hakuwaahidi wafuasi wake kisasi. Aliwataka wananchi wawapime viongozi kwa kazi zao.

Jioni ya tarehe 13 Oktoba 1961 alikuwa akila chakula katika mgahawa wa Hoteli Tanganyika, kando ya ziwa. Mgiriki aitwaye Jean Kageorgis alimpiga risasi kutoka nje, gizani. Alikamatwa siku chache baadaye, na njama ikafuatiliwa hadi kwa viongozi wa PDC. Kageorgis aliuawa kwa hukumu ya mahakama tarehe 30 Juni 1962, siku moja kabla ya uhuru. Wengine watano, wakiwemo Ntidendereza na Biroli, walinyongwa Gitega tarehe 15 Januari 1963.

Nani zaidi alijua? Swali hilo halijafungwa. Oktoba 2018 serikali ya Burundi ilitamka hadharani kwamba Ubelgiji ilihusika. Mwaka 2021 mwandishi Mbelgiji Ludo De Witte alichapisha kitabu kizima juu ya mauaji hayo na nafasi ya maofisa wa kikoloni.

Rwagasore alizikwa kilima cha Vugizo, juu ya mji. Ukisimama kaburini unaona Bujumbura yote chini yako, na nyuma yake ziwa na milima ya Kongo.

Mpaka usio na forodha

Ngagara yenyewe inaonyesha ni nini kilichopotea. Mtaa wa jirani ni Kamenge. Januari 1962, miezi mitatu tu baada ya mazishi, vijana wa tawi lililobeba jina la Rwagasore waliwashambulia Kamenge viongozi Wahutu wa vyama vya wafanyakazi, na watu wakauawa. Jina la mtu aliyewaunganisha lilikwisha kugeuzwa rungu.

Yaliyofuata yanajulikana. Ngendandumwe, aliyekuja kuwa waziri mkuu, aliuawa Januari 1965. Mwaka 1966 ufalme ulifutwa. Mwaka 1972 yalitokea mauaji makubwa. Oktoba 1993 Rais Ndadaye aliuawa na vita vikaanza. Katika miaka hiyo Ngagara ilibaki karibu ya Watutsi watupu na Kamenge ya Wahutu. Mtu wa upande mmoja hakuweza kuvuka kwenda kununua chumvi upande wa pili bila kuhofia maisha yake. Ulikuwa mpaka usio na ofisi ya forodha wala mhuri, na hapakuwa na mzigo uliopita.

Aliyeitwa kusuluhisha vita hivyo alikuwa Mwalimu Nyerere, rafiki wa zamani wa harakati za Rwagasore. Alifariki kabla ya kumaliza. Nelson Mandela aliipokea kazi hiyo, na mkataba ukatiwa saini Arusha tarehe 28 Agosti 2000. Ndiyo maana tarehe zile mbili za Oktoba, 13 na 14, si bahati mbaya tupu ya kalenda kwa mtu wa Bujumbura. Zinafuatana kama watu wawili waliokuwa na kazi moja.

Leo sokoni Cotebu wateja wanatoka Kamenge na wauzaji wanatoka kila mtaa. Usalama huu una thamani kuliko bidhaa yoyote iliyo mezani, na ulilipiwa kwa bei kubwa.

Kwa anayevuka mpaka leo

Burundi iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki tarehe 1 Julai 2007, siku ya kutimiza miaka 45 ya uhuru wake. Soko la Pamoja lilianza tarehe 1 Julai 2010. Kongo iliingia mwaka 2022. Kwa karatasi, Usumbura ya Waswahili imerudi: Kigoma, Uvira na Bujumbura ziko ndani ya nyumba moja.

Mfanyabiashara mdogo ana haki ndani ya nyumba hiyo. Bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya, zenye thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani, zina utaratibu rahisi wa forodha na cheti rahisi cha uasilia kinachopatikana mpakani. Asiyeijua haki hiyo huishia kulipa kwa njia za panya zaidi ya ambavyo angelipa dirishani. Lakini ukweli mwingine ni kwamba mipaka hufungwa. Januari 2024 Burundi iliufunga mpaka wake na Rwanda kwa ugomvi wa serikali, na waliokuwa na mzigo njiani hawakuulizwa.

Mfanyabiashara mmoja hana la kufanya mbele ya jambo kama hilo. Kundi lenye jina, wanachama wanaojulikana na hesabu safi linaweza angalau kuandika barua ikasomwa. Hili ndilo ambalo Rwagasore alilielewa mwaka 1957, na pia ndilo lililomponyoka, kwa sababu kundi lake halikuwa na mtaji wake lenyewe wala daftari la kuaminika.

Vikundi vya kuweka na kukopa vilivyojaa masokoni mwetu, ambako akina mama wanachanga kila wiki na kuhesabu mbele ya wote, vina kitu ambacho CCB haikuwa nacho. Ni fedha ndogo, lakini hakuna ofisi inayoweza kuzifunga kwa barua moja. Kilichobaki ni vikundi hivyo kujuana kutoka Ngagara hadi Kigoma na Uvira, kama walivyojuana watu wa Buyenzi wa zamani.

Mama wa vitenge aliniambia kwamba katika kikundi chake daftari linashikwa na mtu mmoja, sanduku linashikwa na mwingine, na funguo ziko tatu, kila moja kwa mtu wake. Kisha akaniuliza kama ofisi za mpakani zitafungwa tarehe 13.

Nilimjibu kwamba siku hiyo ni sikukuu, hivyo ni heri avuke tarehe 12.